HITA YA MAJI KWENYE BIOGESI: PIMA BOMBA KABLA HUJANUNUA HITA

Leo tunaacha kidogo habari za malisho na chanjo, tunaingia kwenye bomba la gesi. Sababu ni swali ambalo wafugaji wenye mitambo ya biogesi wananiuliza sana baridi ikianza: "Bwana afisa, nataka kufunga ile hita ya papo hapo, ile inayopasha maji yakiwa yanapita. Bomba lililopo si linatosha?"

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi halitoshi. Siyo kwamba gesi ni kidogo, hapana. Bomba lililopo lilipimwa kwa ajili ya jiko, na hita inakula gesi kwa kasi ya majiko matano. Ukiunganisha tu bila hesabu, hita itawaka na kuzima, na jiko la mama jikoni linaweza kuzimika bila mtu kujua. Hilo la pili ni hatari, nitalieleza mbele.

Umuhimu wa maji ya moto kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa unaujua mwenyewe. Kuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kusafisha ndoo na keni za maziwa kwa maji ya moto, na watoto kuoga kabla ya shule. Kwa hiyo hita siyo anasa. Ila tuifunge kwa hesabu.

GESI ILIYOMO NA GESI INAYOFIKA NI VITU VIWILI

Chukua mfano wa simtanki. Una simtanki la lita 5,000 limejaa, lakini umefunga mpira mwembamba wa mita 50. Ukifungua, maji yanachuruzika tu. Tanki limejaa kweli, ila mpira haupitishi.

Biogesi ni hivyo hivyo. Mtambo unapimwa kwa siku: kwa siku nzima unatoa lita ngapi za gesi? Bomba linapimwa kwa saa: kwa saa moja, vifaa vyote vikiwaka pamoja, vinahitaji lita ngapi? Ni maswali mawili tofauti na lazima yote yajibiwe. Wengi wanajibu la kwanza tu ("ng'ombe ninao, kinyesi kipo") halafu wanashangaa hita haiwaki.

HESABU YA KWANZA: KILA KIFAA KINAKULA KIASI GANI KWA SAA

Chukua karatasi, orodhesha kila kifaa kitakachokula kwenye bomba hilo. Kwa makadirio ya kawaida:

- Jiko la biogesi la sehemu moja ya kuwakia: lita 400 za gesi kwa saa
- Jiko la sehemu mbili: lita 800 kwa saa
- Hita ndogo ya papo hapo, ya lita 6 za maji kwa dakika: lita 2,000 kwa saa

Hiyo 2,000 imetokea wapi? Twende taratibu. Lita 6 kwa dakika ni lita 360 kwa saa. Tuseme maji yanaingia yakiwa na nyuzi joto 18, kama kwenye maeneo yetu ya baridi, na unataka yatoke na 43. Umeyapandisha nyuzi 25. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.2. Kwa hiyo 360 × 25 × 4.2 = kilojuli 37,800. Kuna joto linalopotea hewani, kama asilimia 15, basi hita inahitaji kuchoma karibu kilojuli 44,500. Lita 1,000 za biogesi nzuri zina takriban kilojuli 22,000. Gawanya, unapata lita 2,000 na kidogo.

Sasa jumlisha vifaa vinavyoweza kuwaka kwa wakati mmoja. Asubuhi mama anapika chai na uji kwenye sehemu zote mbili za jiko, na kijana yuko zizini anafungulia maji ya moto. Hiyo ni 800 + 2,000 = lita 2,800 kwa saa. Namba hii ndiyo ya kupimia bomba. Usipime kwa wastani wa siku. Pima kwa ile dakika ambayo kila mtu anatumia.

HESABU YA PILI: UREFU NA UNENE

Gesi ikipita kwenye bomba inasuguana na kuta zake, presha inapungua njiani. Mambo matatu yanaamua inapungua kiasi gani. Yashike kichwani:

1. Ukiongeza urefu wa bomba mara mbili, presha inayopotea inakuwa mara mbili.
2. Ukiongeza gesi inayopita mara mbili, presha inayopotea inakuwa karibu mara nne.
3. Ukiongeza tundu la bomba mara mbili, presha inayopotea inapungua mpaka kama sehemu moja ya thelathini.

Soma tena hiyo ya tatu. Ukitoka nusu inchi kwenda robo tatu, kwa macho tofauti inaonekana ndogo. Kwa gesi ni tofauti kubwa sana. Kwa hiyo pesa ya kuongeza unene wa bomba ni pesa iliyotumika vizuri kuliko karibu kitu kingine chochote kwenye mfumo huu.

Presha ya biogesi tunaipima kwa sentimita za maji. Majiko mengi ya biogesi yanafanya kazi vizuri kwenye presha kama ya sentimita 8 mpaka 16. Tuchukue mfano: kutoka mtamboni hadi nyumbani ni mita 30, ukihesabu na kona. (Kila elbo ihesabu kama nusu mita nyingine ya bomba.)

Jiko tu, lita 800 kwa saa:
- Bomba la nusu inchi: inapotea nusu sentimita mpaka sentimita moja. Hakuna tatizo, ndiyo maana jiko lako limewaka vizuri miaka yote.

Jiko pamoja na hita, lita 2,800 kwa saa:
- Bomba la nusu inchi: zinapotea kama sentimita 6 hadi 7
- Bomba la robo tatu: kama sentimita 2
- Bomba la inchi moja: kama nusu sentimita

Umeona? Kama mtambo una presha ya sentimita 10 na bomba ni nusu inchi, vifaa vinabaki na sentimita 3 au 4. Hapo hita haiwaki, na jiko linawaka kama kibatari. Kwa bomba la robo tatu zinabaki 8, mambo yanakwenda lakini kwa kubanana. Kwa inchi moja huna wasiwasi.

Kanuni yangu: kama umbali ni chini ya mita 20, robo tatu inatosha kwa hita moja ndogo na jiko la sehemu mbili. Kuanzia mita 20 hadi 50, vuta inchi moja. Zaidi ya mita 50, jiulize kwanza kwa nini hita isikae karibu na mtambo, maana zizi, mtambo na sehemu ya kuoshea vyombo vya maziwa mara nyingi viko pamoja.

Angalizo kwa wanaonunua bomba jeusi la plastiki, lile la roli. Hilo linaitwa kwa kipimo cha nje. Milimita 20 ni sawa na nusu inchi, 25 ni sawa na robo tatu, 32 ni sawa na inchi moja. Ukiambiwa dukani "hii ni 25" usidhani umepata inchi moja.

FUNDI ALIYEZOEA MITUNGI

Mafundi wengi wamejifunza kwenye gesi ya mitungi. Huko mpira mwembamba unatosha kabisa, na wao wanakuambia hivyo kwa nia njema. Lakini gesi ya mtungi ina joto jingi zaidi: kwa ujazo ule ule, ina joto kama mara tano ya biogesi. Maana yake biogesi lazima ipite mara tano zaidi ili kupasha maji yale yale. Halafu kidhibiti cha mtungi kinatoa presha ile ile muda wote, wakati biogesi presha yake inacheza.

Kwa sababu hiyo hiyo, hita iliyotengenezwa kwa mtungi haifai kwenye biogesi. Vitundu vyake ni vidogo mno. Na usikubali fundi avitoboe kwa drili, kwa sababu mchanganyiko wa gesi na hewa ukiharibika, moto unatoa sumu. Nunua hita iliyoandikwa kuwa ni ya biogesi, na usome kibati chake kinahitaji presha gani. Ukikuta imeandikwa kwa kilopaskali, kilopaskali 1 ni karibu sentimita 10 za maji.

PRESHA YA MTAMBO HAITULII

Mitambo mingi ya huku kwetu ni ile ya kuba lililozikwa ardhini, aina ambayo CAMARTEC ya Arusha imeisambaza kwa miaka mingi. Kwenye mtambo huu, gesi ikijaa inasukuma tope kupanda kwenye tangi la kutokea, na uzito wa tope ndio unaoleta presha. Alfajiri kabla hujapika presha iko juu. Jioni baada ya kupika maharage presha imeshuka.

Basi ukimwita fundi aje kujaribu hita saa kumi na mbili asubuhi, itawaka vizuri na mtashangilia. Jaribu jioni baada ya mapishi. Ikiwaka vizuri jioni, itawaka muda wote.

Kipimo cha presha unaweza kutengeneza mwenyewe. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 3. Ufunge kwenye ubao ukiwa umekunjwa kama herufi U, kila mguu usipungue mita moja, mimina maji mpaka nusu ya miguu. Upande mmoja uunganishe kwenye koki ndogo iliyo karibu na hita, upande mwingine uache wazi. Fungua koki taratibu, la sivyo maji yatarushwa nje. Tofauti ya kimo cha maji kati ya miguu miwili, kwa sentimita, ndiyo presha yako. Soma mara mbili: vifaa vyote vikiwa vimezimwa, kisha vyote vikiwa vinawaka. Ukitoa namba ya pili kwenye ya kwanza, unapata kiasi kinachopotea njiani. Kikizidi sentimita 3, bomba ni jembamba, au kuna maji yamekaa ndani yake.

HATARI YENYEWE IKO HAPA

Sasa nieleze lile nililoahidi. Bomba ni jembamba, jiko linawaka jikoni, mtu anafungulia maji ya moto. Hita inavuta gesi yote. Moto wa jiko unashuka, unazimika. Mama ametoka kuchukua kuni au kumwangalia mtoto, hajaona. Dakika tano baadaye anayeoga anafunga maji, hita inazima, presha inarudi. Gesi inatoka tena kwenye jiko, lakini sasa hakuna moto. Inajaza jikoni. Mtu akiingia na kiberiti, unajua kinachofuata.

Majiko mengi ya biogesi hayana kifaa cha kukata gesi moto ukizimika. Ndiyo maana nasema suala la bomba ni la usalama wa familia, siyo la starehe ya kuoga tu. Kama huwezi kubadilisha bomba lote, basi toa bomba la pili la hita kuanzia pale pale karibu na mtambo, jiko libaki na lake. Angalau mmoja hamnyang'anyi mwenzake.

Hatari ya pili ni sumu ya kaboni monoksidi. Ni ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Haina harufu wala rangi. Hita ya gesi USIIFUNGE BAFUNI, hata kama bafu lina dirisha. Ifunge nje ukutani, chini ya paa dogo la kuzuia mvua na upepo, maji ya moto yaingie ndani kwa bomba.

JE, MTAMBO WENYEWE UNATOSHA?

Turudi kwenye swali la siku. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe inatoa takriban lita 40 za gesi. Ng'ombe wawili wa ndani wanaokupa kilo 25 kwa siku wanakupatia lita 1,000.

Matumizi ya maji ya moto kwa siku:
- Lita 30 za kuosha viwele na vyombo, kutoka nyuzi 20 hadi 60: karibu lita 270 za gesi
- Watu wanne kuoga, lita 15 kila mmoja, maji yakipanda nyuzi 20: nyingine kama 270

Jumla lita 540. Unabaki na 460, ambayo ni saa moja na dakika chache za kupikia kwenye moto mmoja. Kwa familia, hiyo haitoshi. Mwenye ng'ombe wawili achague: ama atumie hita kwa kazi ya maziwa tu, ama aache hita na apashe maji kwa sufuria. Mwenye ng'ombe wanne au watano, kilo 50 na kuendelea kila siku, na mtambo uliojengwa kwa kiasi hicho, ana lita 2,000 au zaidi. Huyo hita inamfaa.

Nisiwe mchoyo wa ukweli: kwa kila lita ya maji, hita inatumia gesi kidogo kuliko sufuria, kwa sababu sufuria inapoteza karibu nusu ya joto pembeni. Tatizo la hita ni kwamba inakula haraka, na koki ikiwa wazi mtu anasahau. Dakika 30 za maji kumwagika zinamaliza gesi yote ya siku ya ng'ombe wawili.

UKIVUTA BOMBA JIPYA, ZINGATIA HAYA

1. Mteremko. Biogesi ina mvuke, na mvuke ukipoa unakuwa maji. Bomba lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita kuelekea sehemu moja ya chini, hapo weka koki ya kutolea maji. Bomba la inchi moja lililojaa maji nusu halina faida tena.
2. Lizike kama sentimita 30 chini, hasa la plastiki, maana jua linalikausha na kulipasua. Kwenye njia ya ng'ombe na mikokoteni zika zaidi.
3. Usitumie bomba la shaba. Biogesi ina salfa, inakula shaba. Hata hita yenyewe ndani ina shaba, kwa hiyo weka kichujio chenye vumbi au nyuzi za chuma zilizoota kutu kabla ya gesi kuifikia, na ubadilishe zikiwa nyeusi. Zikitolewa zinaweza kupata moto zenyewe zikikutana na hewa, zimwage nje mbali na majani makavu.
4. Weka koki kuu mtamboni, na koki moja kabla ya kila kifaa.
5. Punguza elbo. Kona moja ndefu ni bora kuliko elbo mbili.
6. Jaribu uvujaji kwa povu la sabuni kwenye kila kiungo. Usijaribu kwa kiberiti hata siku moja.

KWA UFUPI

Kabla hujatoa hela dukani, andika namba nne: kinyesi kwa kilo kwa siku, lita za gesi kwa saa vifaa vyote vikiwaka, umbali kwa mita, na presha ya jioni kwa sentimita. Ukiwa nazo, fundi hawezi kukudanganya wala yeye hawezi kujidanganya. Kama namba ya kwanza ni ndogo, tafuta hita ya jua au endelea na sufuria, hakuna aibu. Kama ni kubwa, badilisha bomba kwanza, hita ifuate.

Na kama hita tayari umefunga, jioni ya leo fanya jaribio moja: washa jiko, kisha mwambie mtu afungulie maji ya moto huku wewe unauangalia moto wa jiko. Ukishuka sana au ukizimika, funga koki ya hita leo leo mpaka bomba libadilishwe.

Mwenye swali aulize, nitajibu kadiri ninavyoweza. Tuonane wiki ijayo, tutaangalia namna ya kutumia tope la biogesi kwenye bustani ya mboga.